Mliosoma Bakuman, tupeane uzoefu: ilikushikisha kalamu au ilikufanya uiweke chini?

Kaunta Buku

Wakuu, habari za usiku huu.

Juzi nimemaliza Bakuman kwa mara ya tatu, juzuu zote 20, sura 176, na tangu hapo kichwa hakijatulia. Naomba uzi huu tusiufanye wa kubishana nani anachora vizuri kuliko nani. Kila mtu aseme hadithi hii ilimkuta wapi na ikamfanya nini.

Kwa asiyeijua: ni manga, yaani katuni ya Kijapani, imetungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, wale wale wa Death Note, na ilitoka kila wiki kwenye jarida la Weekly Shonen Jump la Japani tangu Agosti 2008 mpaka Aprili 2012. Vijana wawili wa miaka 14, Moritaka Mashiro mchoraji na Akito Takagi mtunzi, wanakubaliana kuwa wachora manga. Humo hamna jini wala upanga. Kuna meza, wino, tarehe ya kukabidhi kazi, na mhariri anayepekua kurasa zako mbele yako huku amenyamaza, nawe unasikia moyo wako unavyodunda.

Yangu ni hii. Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha tatu, Temeke. Jamaa wa kibanda cha muvi aliniwekea kwenye flashi vipande vya anime ya Bakuman, yaani ile ya video, badala ya nilichoagiza. Nilinuna, lakini hela imeshatoka, nikaangalia. Kipande cha kwanza tu, Mashiro amesahau daftari darasani, anarudi kulichukua, anamkuta Takagi amelishika na ameshaona alivyomchora Azuki, binti anayempenda kimyakimya. Takagi anamwambia wafanye kazi pamoja, yeye atunge na mwenzake achore.

Mimi nilikuwa na daftari kama hilo. Na dawati la nyuma yangu alikaa kijana ambaye nitamwita Pacha, maana ndivyo shule nzima ilivyotuita. Pacha hawezi kuchora hata kikombe. Lakini akianza kusimulia tukitoka shule, tulikuwa tunapitiliza kona ya kwao, tunarudi, tunapitiliza tena.

Tukachanga hela, tukanunua kaunta buku nene. Lilikuwa na mistari, kwa hiyo mistari nikaifanya kipimo: kila safu ya picha mistari minane kwenda chini, safu nne ukurasa mzima. Penseli kwanza, halafu kalamu nyeusi, halafu raba taratibu ili karatasi isichubuke. Humo ndani tuliweka hadithi tano. Jumatatu daftari linaanzia dawati la mbele kushoto, Ijumaa linaturudia.

Kwenye Jump kuna postikadi ambayo msomaji anataja hadithi tatu alizozipenda zaidi, na kura hizo ndizo zinazoamua nani abaki na nani akatwe. Sisi tukabandika karatasi kwenye jalada la nyuma: taja tatu. Wiki ya nne nikahesabu. Hadithi ya konda wa daladala asiyesahau sura ya abiria ilipata kura 31. Hadithi ya mlinzi wa mnara wa taa, ambayo Pacha aliipenda kuliko zote, ilipata 2, na moja najua ilikuwa yake. Alikaa akiitazama ile karatasi kipindi kizima cha jiografia. Kisha akasema, "Basi tuikate." Tukaikata. Hatukuwa na mhariri wa kumlaumu.

Muhula uliofuata daftari lilichukuliwa, na ndiyo ikawa mwisho wake. Leo mimi natengeneza lebo za bidhaa, Pacha anaendesha lori la Dar mpaka Tunduma. Bado ananitumia sauti za WhatsApp zenye hadithi ndani yake. Nazisikiliza zote, mpaka za dakika kumi. Sichori.

Haya wadau, ninyi je?

Raba Nyeupe

Mkuu, mara ya kwanza niliishia juzuu ya pili. Maputo ya mazungumzo yamejaa maneno mpaka nyuso zinakosa pa kupumulia, kama vile unasoma kumbukumbu za kikao. Nilirudi baada ya miaka mitatu, nimeshaanza kutengeneza kadi za harusi Kariakoo, na humo nikaokota kitu kinachonilisha hadi leo: nemu. Kabla ya kugusa wino wanachora hadithi nzima harakaharaka kwa penseli, nyuso kama mayai, fremu zimekaa mahali pake, maneno yameshaandikwa ndani. Mhariri anasoma hiyo kwanza. Mashiro na Takagi wanapeleka nemu inakataliwa, wanapeleka nyingine inakataliwa. Siku hizi mteja wangu haoni kadi ya rangi kabla hajaona nemu yake na kuikubali. Tangu nianze hivyo sijalazimika kurudia kazi nzima.

Mkono wa Hina

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, Kisauni, kazi yangu ni kuchora hina na piko kwa maharusi. Naanza na lawama, kisha nitasema nilichopenda.

Wanawake wa hadithi ile hawakutendewa haki. Azuki anataka kuwa mwigizaji wa sauti, hiyo ni kazi na ina jasho lake, lakini sisi twaonyeshwa zaidi akisubiri. Wamekubaliana wasionane mpaka ndoto zao zitimie, basi yeye ni barua pepe na machozi. Mama yake Mashiro ana wasiwasi kuhusu mwanawe, wasiwasi wa haki kabisa kwa yaliyompata shemeji yake, mchora manga aliyekufa kwa kuzidiwa na kazi, na jibu analoletewa kutoka kwa mumewe ni kuwa wanaume wana ndoto ambazo wanawake hawawezi kuzielewa. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini siku mbili. Iwase ni mwanafunzi hodari na mwandishi, lakini uhodari wake wote waelekezwa kushindana na Takagi. Miyoshi, rafiki yake Azuki, anaishia kufuta penseli na kujaza weusi kwenye kurasa za wengine. Mie nilitaka kuziona kurasa za Miyoshi mwenyewe.

Sasa nilichopenda. Mashiro anapoingia kwenye chumba cha kazi cha huyo shemeji marehemu na kuanza kujifunza nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino. Mpaka siku ile yeye ni mtu wa penseli. Nibu ukiibonyeza inafunguka na mstari wanenepa, ukiilegeza wawa mwembamba, na mkono usiozoea hauwezi kuuongoza. Mie nilisoma nikacheka kwa furaha, kwani koni ya hina ni vivyo hivyo. Ukiiminya kidogo wapata mstari kama unywele wa mtoto. Ukiiminya ukazunguka, tumbo la ua lajaa. Na hakuna raba. Hina ikishagusa ngozi imegusa.

Mwaka 2019 kulikuwa na arusi, nimechora tangu asubuhi, ndugu zake bibi arusi sita kwanza. Bibi arusi mwenyewe alinifikia saa tano usiku. Mkono wa kulia ukaisha vizuri. Wa kushoto, pale kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono wangu ukatikisika, mstari ukaruka. Somo wake alikuwa amekaa mbele yangu, ameona. Chumba kizima kikanyamaza. Nikaiweka koni chini, nikaomba maji, nikautazama ule mstari ulioruka mpaka nikaona kuwa waweza kuwa ubavu wa jani. Nikachora jani. Kisha ikabidi nichore jani kama lile kwenye vidole vyote vya mikono miwili ili lionekane lilikusudiwa. Nilimaliza alfajiri yaadhiniwa.

Tangu hapo, kila baada ya sala ya alfajiri nachora mistari 100 kwenye karatasi ya kaki kabla sijagusa ngozi ya mtu. Hilo nililichukua kwa Mashiro. Na nina daftari la hadithi yangu mwenyewe, ya mchora hina, kurasa 40 sasa.

Kaunta Buku

Dada, ule ukurasa wa ndoto za wanaume niliusoma mara tatu katika miaka hii yote na sikuwahi kusimama hapo. Ahsante kwa kunisimamisha.

Mwana wa Kivu

Mimi niko Bukavu, niliisoma kwa Kifaransa, juzuu za mchapishaji Kana ambazo kaka yangu aliniletea kutoka Ubelgiji. Jioni nilikuwa ninawatafsiria wadogo zangu kwa Kiswahili, ninawaonyesha picha na kidole.

Kuna mahali sikuwaelewa hawa vijana. Mhariri wao Miura anawasukuma kwenye vichekesho, wanafanya Tanto, inakubalika, wasomaji wapo, inalipa. Kisha wao wenyewe wanaomba iishe, kwa kuwa si kazi yao ya moyoni na Takagi anajikamua kila wiki kutafuta cha kuchekesha. Unaomba kazi inayolipa iishe? Mimi ninachora mabango ya kunawa mikono na ya kuchemsha maji. Mabango hayo yamelipa shule ya watoto wanne. Mtoto aliyenawa mikono kwa sababu ya bango langu ni msomaji wangu pia. Ninaheshimu uamuzi wao, ila nilitaka mwandishi aonyeshe kwamba kuna mtu mwingine angebaki, na huyo mtu naye ni mchoraji.

Sanduku la Bati

Mniwie radhi kwa urefu. Hii naiandika mara moja tu.

Tafsiri ya Kiingereza niliyosoma inamtaja yule marehemu kwa neno lile moja ambalo kwao ni mjomba, ni baba mdogo, ni mume wa shangazi. Lakini Nobuhiro Mashiro ni ndugu wa baba yake Moritaka. Kwetu sisi huyo ni baba. Nilipolitambua hilo ikabidi nianze upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Baba huyu alichora manga za kuchekesha, moja ikavuma mpaka ikatengenezewa anime, kisha jina likapoa. Miaka iliyofuata aliendelea kupeleka nemu kwa wahariri, zinarudishwa. Alikufa kwa kuzidiwa na kazi, na Moritaka kwa muda mrefu moyoni aliamini kwamba alijiua. Halafu babu anampa mjukuu ufunguo wa chumba cha kazi ambacho hakijaguswa. Vitabu viko rafuni, kalamu ziko mezani, maboksi ya nemu yamepangwa.

Baba yangu mdogo alichora katuni Dar miaka ya 1980 na 1990, enzi ambazo watu walikuwa wanapokonyana jarida la Sani kwa ajili ya katuni za Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Yeye hakufika huko. Alichorea magazeti madogo madogo. Moja lilimlipa, mengine yalimwahidi. Alirudi Kilosa kwa bibi na kikohozi na sanduku la bati, akafariki 1999. Nyumbani jina lake lilibaki kuwa onyo: "Usiposoma utakuwa kama baba yako mdogo." Nilisoma. Ni mhasibu.

Nilikuwa na miaka 29 nilipofika kwenye ule ukurasa wa ufunguo. Nilizima simu. Jumamosi nikapanda basi mpaka Kilosa. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha bibi, limefunikwa magunia matupu. Kufuli lilikuwa limeshikwa na kutu, binamu yangu akalikata kwa msumeno wa chuma.

Ndani kulikuwa na chupa ya wino uliokauka mpaka ukawa kama lami. Nibu mbili zimefungwa kwenye kipande cha khanga. Wembe, ambao sikuuelewa mpaka nilipozishika karatasi zenyewe na kuona mahali zilipokwanguliwa: hivyo ndivyo alivyokuwa anafuta makosa. Na kulikuwa na kichekesho kimoja, mtu anajipanga kwenye foleni akidhani ni ya sukari, kumbe ni ya kuaga maiti, alichokichora mara 11.

Nilizipanga zote 11 sakafuni. Kwenye ya kwanza mtu yule anashtuka picha ya tatu. Kwenye ya tano anashtuka picha ya nne. Kwenye ya tisa hashtuki kabisa, anavua kofia tu na kubaki kwenye foleni. Ya 11 ni ileile ya tisa, ila kofia imeongezwa ukubwa kidogo tangu picha ya kwanza, ili uione anapoivua.

Bibi alikuja akasimama mlangoni. Alitazama sakafu nzima, akasema, "Kumbe alikuwa anafanya kazi."

Mimi sichori na sitachora. Karatasi zote nimezipiga picha, ziko 214, nimezipanga kwa miaka kadiri nilivyoweza kukisia.

Na jambo moja ndani ya Bakuman nalichukia, lazima niliseme. Moritaka anaanguka kwa uchovu, anafanyiwa upasuaji, anakatwa kipande cha ini, na bado anachora akiwa kitandani hospitali. Mhariri mkuu Sasaki anasimamisha hadithi yao mpaka wamalize sekondari, wachoraji wenzao wanagoma kuwatetea. Unaona kabisa kwamba msomaji anatakiwa asimame na mgonjwa. Mimi nilisimama na Sasaki. Baba yangu mdogo hakupata mtu wa kumwamuru apumzike.

Kaunta Buku

Nimeisoma nikiwa kazini, nikatoka nje kidogo. Mkuu, ile ya 11, ukiridhia, tuonyeshe siku moja.

Sanduku la Bati

Nitamuuliza bibi kwanza.

Mtu wa Umoja

Nairobi hapa. Mimi katuni nilianzishiwa na babu, alikuwa ananisomea Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye Taifa Leo kabla sijajua kusoma. Bakuman ilinikuta nikiwa mkubwa, na kilichonipiga ni ile sehemu ya Toru Nanamine. Mnamkumbuka? Kijana ana kipaji cha kweli, lakini nyuma yake kuna watu 50 kwenye intaneti wanaomshauri kila sura. Mwanzoni inaenda vizuri ajabu. Baadaye maoni yanakuwa mengi, hadithi inashuka, hajui tena amsikilize nani.

Niliisoma sehemu hiyo nikiwa ndani ya kosa hilohilo. Nilikuwa na hadithi ya msichana anayeuza mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchoma, usiku kando ya steji. Nilimjua yule msichana: anavyogeuza mutura kwa uma mrefu bila kuangalia, macho yake yako barabarani anaangalia askari wa kaunti. Nikafungua grupu la WhatsApp, watu 60, nikawaambia tutaijenga pamoja. Wiki ya kwanza wakampa mpenzi. Wiki ya tatu bastola. Wiki ya tano dada pacha aliyepotea. Wiki ya sita nilimchora akiwa ameegemea gari jeusi, nikajiuliza jiko liko wapi. Jiko lilikuwa limetoka kwenye hadithi na sikukumbuka lilitoka lini.

Sikuwalaumu wale watu, mimi ndiye niliyewauliza. Nilifunga grupu, nikarudi ukurasa wa kwanza. Sasa natoa kurasa sita kila mwisho wa mwezi, na wasomaji wanaziona zikiwa zimekwisha.

Kaunta Buku, nina swali. Hadithi ya mnara wa taa ilipata kura mbili. Moja ya Pacha. Ya pili ilikuwa ya nani?

Kaunta Buku

Ilikuwa yangu.

Mtu wa Umoja

Basi mliikata wote wawili mkiitaka.

Raba Nyeupe

Naongeza kitu kidogo hapo. Eiji Niizuma, yule kijana wa Aomori mwenye kipaji cha kutisha, anachoomba akiwa namba moja kwenye Jump ni haki ya kuiua hadithi moja asiyoipenda. Watu wengi wanamuona ana wazimu. Ila yeye ndiye anayezisoma hadithi za wenzake kwa furaha kuliko wote humo ndani, na Mashiro na Takagi hawachoki kumtafuta awaambie kazi yao ameionaje. Kura moja ya Niizuma waliihesabu peke yake. Kaunta Buku, kura ya Pacha ungeihesabu peke yake.

Kaunta Buku

Wakuu, nimekaa siku nne bila kuandika. Nilimtumia Pacha uzi wote. Alikuwa Makambako, amelala kwenye lori akisubiri fundi wa tairi, akausoma mpaka mwisho. Saa nane usiku ikaingia sauti ya dakika 14.

Hakusema chochote kuhusu zile kura. Alianza tu: upepo umebadilika, mafuta ya taa yamebaki nusu dumu, na kuna jahazi limeonekana ambalo halikupaswa kuonekana msimu huu. Akaendelea kutoka pale pale tulipokata mwaka 2012. Alikuwa anakumbuka mpaka jina la paka.

Jana nimenunua kaunta buku. Nimepiga mistari, safu ya mistari minane, nne kwa ukurasa. Mkono umekuwa mzito, miduara inatoka kama viazi, kwa hiyo nimeanza na ile mistari 100 ya dada wa Mombasa kwenye karatasi za makosa za kazini. Nemu ya kurasa sita iko tayari, nyuso mayai matupu. Nitamtumia Pacha peke yake kwanza. Kwenye jalada la nyuma safari hii sijabandika karatasi.

Mkono wa Hina

Mashaallah. Hebu niulize, huyo mlinzi wa mnara ni mwanamume au mwanamke?

Kaunta Buku

Dada, hilo swali lako nilimpelekea Pacha asubuhi hii. Amesema ni mwanamke. Amesema tangu siku ya kwanza alinisimulia mwanamke, mimi ndiye niliyemchora mwanamume, na yeye hakutaka kunifutisha.

Nimeshafuta. Naanza upya ukurasa wa kwanza usiku huu.